Wa'al wa Milima ya Hajar na Haki Yake ya Maji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Aliyekigawia kila kiumbe riziki yake na mahali pake.

Ama baada ya hayo, katika milima ya Hajar, iliyoko Oman na sehemu ya Imarati, anaishi mnyama asiyepatikana mwituni mahali pengine popote duniani. Waarabu humwita wa'al. Ni mbuzi-mwitu mdogo wa umbo, mwenye manyoya marefu ya kahawia na pembe fupi zilizopinda nyuma, dume na jike. Wataalamu walimhesabu pamoja na mbuzi-mwitu wa Himalaya, hata uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2005 ukaonyesha kuwa yu karibu zaidi na kondoo-mwitu wa Barbari. Jicho la binaadamu hudanganyika.

Hupenda magenge yaelekeayo kaskazini, penye kivuli na majani zaidi. Lakini jambo zito katika khabari yake ni maji. Choroa wa jangwani huweza kukaa muda mrefu bila ya kunywa, wa'al hawezi. Wakati wa joto kali hana budi kuiendea chemchemi kila baada ya siku mbili au tatu, na akikuta imezungukwa, hana pa kwenda.

Hapo ndipo linapokuja suala la kisharia. Wako mbuzi wa kufugwa walioachwa au waliopotea mlimani, wakazaana na kuwa kama wa mwitu. Hunywa maji yale yale na kula majani yale yale. Huenda mwenye mbuzi akasema kuwa amewaachia Mungu. Hoja hiyo haisimami. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea, alikataza asichukuliwe, kwani ana miguu na akiba yake ya maji, ama mbuzi aliyepotea aliruhusu achukuliwe, kwani asipochukuliwa na mtu ataliwa na mbwamwitu. Basi mbuzi hakuachiwa mlima. Mwenyewe amrejeshe zizini, au amuuze, au amchinje alishe maskini. Na aliyeko Dubai au London amuwakilishe ndugu yake kijijini, kwani wakala katika mali unasihi, na dhima haingoji likizo.

Katika miaka ya 1970 Wadi Sarin, kusini ya Maskat, pakatengwa kwa ajili ya kumhifadhi wa'al. Makadirio ya waliokomaa waliobaki hayafiki 2,500. Chui aliyekuwa akimuwinda ametoweka katika milima hiyo. Mbuzi wa kufugwa wangalipo chemchemini.