Jumatano: Mkate Kabla ya Neno

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya aliomba nini chini ya mretemu? Mungu alimpa nini badala yake?

Siku ya Karmeli ilikuwa ndefu. Eliya alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Alijenga madhabahu, akaomba, na moto ukashuka. Kisha akateremka hadi kijito cha Kishoni, akapanda tena mlimani, akaomba mvua mpaka mtumishi wake alipoliona wingu mara ya saba, halafu akakimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Huko ukamfikia ujumbe wa Yezebeli kwamba kesho yake atakuwa maiti. Akakimbilia Beer-sheba, safari ya zaidi ya kilomita 140 kuelekea kusini, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja. Ndipo akaketi na kuomba afe.

Wengi huisoma habari hii kama habari ya imani iliyoyumba. Lakini mwili wa nabii nao una ushuhuda wake.

Muumba aliupa mwili wa mwanadamu njia mbili za kupeleka habari. Ya kwanza ni neva. Habari hupita ndani yake kwa nguvu za umeme, na katika neva zenye kasi zaidi huweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Ndiyo sababu mtu aliyekanyaga kaa la moto huinua mguu kabla hajajua kilichomuunguza. Njia ya pili ni homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi na kumwagwa katika damu. Hizi huenda polepole zaidi, lakini kazi yake hudumu kwa muda mrefu. Homoni ni kama tangazo linalosomwa kanisani: hupita mbele ya wote, ila wanaoinuka ni wale tu wanaohusika.

Njia hizi mbili hukutana katika hipothalamasi, sehemu ya ubongo yenye ukubwa unaokaribia korosho. Hofu inapoingia, agizo hushuka kutoka hapo kwa njia ya neva hadi kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo hutoa adrenalini. Mara moyo hupiga kwa kasi, pumzi huongezeka, sukari huingia katika damu, na damu huelekezwa kwenye misuli. Agizo lingine hupita kwa homoni: hipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamuru tezi za adrenali zitoe kotisoli, ili mwili uendelee kustahimili baada ya mshtuko wa kwanza. Kisha kotisoli hiyo hiyo hurudi hadi kwenye ubongo na kuupa habari kwamba imetosha. Mungu aliweka agizo la kukimbia, akaweka na agizo la kutulia.

Mpango huu ni mwema, na umewaokoa wengi. Lakini mahangaiko yakifuatana siku baada ya siku bila kupumzika, mwili hukaa katika hali ya hatari hata pale ambapo hatari haipo. Usingizi hupotea, shinikizo la damu hupanda, kinga ya mwili hudhoofika, na mawazo huwa mazito. Biblia haikuandikwa ili kupima damu ya Eliya. Inamwonyesha mtu aliyeogopa, aliyekimbia na aliyebaki peke yake.

Sasa angalia utaratibu wa Mungu. Kwanza Eliya akalala. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena, wala hakuna aliyemkemea. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, akikiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu za Eliya. Ni baada ya kufika Horebu ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale, akasema naye kwa sauti ya upole, akamsahihisha kwamba waaminifu 7,000 wamesalia, na akampa Elisha awe mwenzake (fungu la 9–18). Maonyo yalikuja, lakini yalikuja kwa mtu aliyekwisha kula na kulala. Zaburi 103:14 inaeleza sababu: Mungu analijua umbo la mwanadamu na kukumbuka kwamba ni mavumbi.

Fikiria mama aliyemuuguza mumewe kwa miezi mingi, anayekesha usiku na kulima mchana. Siku moja anasema hawezi tena kuomba. Mara nyingi huambiwa aongeze imani, au afunge siku tatu. Huenda anachohitaji kwanza ni dada wawili wa kumwangalia mgonjwa usiku mmoja ili yeye alale, sufuria ya chakula cha moto, na mtu wa kumsindikiza hospitalini akapimwe. Kwenda kwa daktari hakuondoi maombi. Na mtu anayesema anatamani kufa asiachwe peke yake hata kidogo. Atafutiwe msaada siku hiyo hiyo.

Sabato nayo ilitolewa kabla dhambi haijaingia duniani. Ikiwa Adamu asiye na dhambi alipewa siku ya kupumzika, hakuna mtenda kazi wa Mungu anayepaswa kuona haya kwamba amechoka.

Kumpelekea mtu chakula si huduma iliyo ndogo kuliko kumwombea. Jangwani, aliyetumwa kuifanya alikuwa malaika.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi kumkemea mtu aliyekata tamaa kuliko kumlisha? Linganisha na Yakobo 2:15, 16.

2. Je, wako wazee, mashemasi au viongozi wa idara katika kanisa lenu wanaotumika bila kupumzika? Kundi lenu linaweza kuwapunguzia mzigo gani juma hili?

3. Ni nani "chini ya mretemu" katika mtaa wenu leo? Amueni pamoja nani atakwenda kwake, na atabeba nini.