Shaka na Mwamba Uliofungwa

Watu wa Fundo, kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Pemba, wamepata kukubaliana kuufunga mwamba wao kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue. Bamvua huja, maji hupwa, mwamba huonekana. Na mama mwenye watoto wa kulisha husimama na mchokoo wake asiguse kitu. Hana hakika na pweza, wala na jirani, wala na nafsi yake. Tena hawezi kwenda kutazama, kwani kuchokoa ili kujua ni kuuvunja mpango wenyewe.

Nilipoandika tasnifu yangu sikuwa na subira hiyo. Kila usiku niliyarudia maandishi ya mchana nijue kama kazi naiweza, na kila usiku niliyafuta. Nilidhani naupima uwezo wangu, kumbe nilikuwa nikiuvua ungali mchanga. Shaka ya nafsi haingoji kuondolewa ndipo kazi ianze; huachwa ikae ufukweni. Lakini Fundo hungoja kijiji kizima, nami nilikuwa peke yangu chumbani. Nilinusurika siku nilipompa mwenzangu kurasa zangu, nikamwomba asinirudishie kabla ya miezi mitatu.