Lile Duka la Kona

Wanangu, kaeni. Nimechoka kusema nimesimama, na hata nikikaa nimechoka. Nasikia mmeelewana na mwenye kiwanja kulivunja lile duka la kona, la matofali mabichi na vigae, ili isimame ghorofa. Sikuja kugomba. Ningegomba miaka ishirini iliyopita.

Mmewahi kukitazama kizingiti chake? Kimelika katikati kama bakuli, kwa nyayo za watu waliokuja na vikapu vya kahawa na maharage. Ndani, kwenye boriti, ipo bado ndoano ya mizani, na moshi wa kibatari umeacha doa ambalo chokaa imeshindwa kulifuta. Mimi mwenyewe nilipunjwa pale, ningali mtoto: jiwe la kilo lilikuwa limechimbwa chini. Sidai. Lakini ndoano ikiondoka, hilo nitalisimulia nikionyesha nini?

Maduka ya namna hii kwetu ni machache, na ipo sababu. Misafara ya pwani ilitoka Bagamoyo ikafika Ujiji, ila Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, hakuiachia milima yake. Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, alituma wenye bunduki, wakarudi mikono mitupu. Wafanyabiashara wakabaki kando ya Ziwa Tanganyika hadi Wajerumani walipoivunja nguvu ya mfalme. Boma lao la Gitega ni la 1912. Basi sisi Waswahili wa huku juu ni wageni wa juzi. Bagamoyo wakipoteza ukuta mmoja, wanayo bado ngome na nyumba walikolala wapagazi. Sisi hapa Gasorwe tukipoteza huu?

Msiniambie soko litatutunzia kumbukumbu. Soko, wanangu, halina mifupa. Jioni kila mtu anabeba chake, panabaki majani ya migomba. Lile kubwa la Bujumbura, pamoja na saruji yake yote, liliteketea asubuhi moja, 27 Januari 2013. Lakini penye kuta hubaki kitu. Huko Uingereza, kijiji cha Weyhill, gulio la kondoo lililodumu karne nyingi lilikoma 1957; mabanda yaliyosalia wakapewa mafundi wa kazi za mikono. Hawakuyafungia kama kaburi, wanauzia humo. Nanyi uzeni simu zenu mle dukani, nani amewakataza?

Mwenye kiwanja nitamwona mimi, babake tulicheza pamoja. Ninyi kesho baada ya alasiri njooni na ngazi. Vigae vya upande wa msikiti vimelegea, na mvua ya Septemba haiko mbali.