Kiasi Gani Kinatosha?

Wanywaji na wasiokunywa, leo tuzungumze juu ya bia. Si kwa ajili ya ladha yake, bali kwa swali lililomo ndani yake.

Huko Ubelgiji kuna monasteri za watawa Wakatoliki, Watrapisti, ambao hupika bia. Kila nyumba ina mtindo wake. Westmalle inajulikana kwa Dubbel, ya rangi ya kahawia, na Tripel, ya rangi ya dhahabu, yenye kilevi cha asilimia 9.5. Ya Orval ni chungu, haina utamu, na hamira yake ya porini huendelea kuibadilisha ladha hata ndani ya chupa. Westvleteren wana nyeusi nzito, iitwayo 12. Nembo ya Watrapisti ina masharti: bia isimamiwe na watawa, na mapato yaende kwenye mahitaji yao na sadaka. Achel, iliyobaki bila watawa, ilipoteza nembo hiyo mwaka 2021.

Mwaka 2005 wapenzi wa bia kwenye tovuti moja waliipa 12 alama za juu kuliko bia zote duniani. Magari yakapanga foleni langoni. Mfanyabiashara angejenga kiwanda kipya, watawa walikataa. Wao hupika ili waishi, hawaishi ili wapike. Lakini mwaka 2011 na 2012, walipohitaji fedha za kujenga upya majengo yao, waliuza bia zaidi, hata madukani, kisha wakarudi kwenye kiasi chao. Kumbe kutosha si idadi isiyobadilika. Ni haja inayojulikana.

Mtu atatuambia: watawa hawalipi ada za shule, wala hawapigiwi simu usiku kwamba shangazi amelazwa. Ni kweli, na hatuwezi kuishi kama wao. Lakini wangapi kati yetu walikuja ughaibuni kwa miaka mitano, wajenge nyumba warudi? Nyumba ikaisha, ikaanza ya pili, na zamu za usiku zikaendelea, huku watoto wakitujua kwa sauti ya ufunguo mlangoni.

Asiyeitaja haja yake hawezi kujua siku ilipotimia. Basi tukae na wenzi wetu, tuandike: fedha hizi ni za nini, na zikitimia, tutaacha nini?