Tufaha na Joto la Dar

Ukipita Kariakoo saa hizi utayaona matufaha mekundu yamepangwa mafungu mafungu. Ni ya Afrika Kusini, yamesafirishwa kwenye baridi hadi kwetu. Watoto huyala, wakafukia mbegu kwenye kopo, na mche huota kweli. Matunda ndiyo hayaji.

Mtufaha hudai baridi ndipo uchanue. Aina nyingi hutaka saa 800 hadi 1,000 chini ya nyuzi 7. Hapa Dar hata usiku wa Julai ni nadra kushuka sana chini ya nyuzi 18. Ipo aina iitwayo Anna, iliyozalishwa na Abba Stein huko Ein Shemer, Israel, inayoridhika na saa 200 au 300, nayo hupandwa jirani na Dorsett Golden ili nyuki wabebe chavua. Wakulima wa Kabale, Uganda, wanaivuna. Mwenye shamba Lushoto au Njombe, naye ajaribu, kwa moyo mmoja.

Lakini wewe wa Upanga au Ilala mwenye kiuwanja, usiupe mti mateso. Panda mtufaa wa pwani, ambao ni mti mwingine kabisa. Hauombi baridi, maua yake ya rangi ya waridi iliyokolea hutandika ardhi nzima, na matunda yake yana maji tele. Wengine huyala kwa chumvi na pilipili, nami ni mmoja wao. Uupe nafasi, maana hurefuka sana. Masika ikianza, chimba shimo, tia samadi, panda.