Mngojane

Neno letu juma hili ni 1 Wakorintho 11:33. Mstari wenyewe ni mfupi: Paulo anawaambia ndugu kwamba wakikutanika kula, wangojane. Huwa tunausoma haraka siku ya Meza ya Bwana halafu tunapita. Leo hatupiti.

Sisi wa Kitale na Bungoma theluji tunaijua kwa njia mbili. Ya kwanza ni Isaya 1:18. Ya pili ni simu. Mtoto akifika ng'ambo, picha ya kwanza anayotuma amesimama kwenye theluji na jaketi kubwa, na mama yake anaizungusha kanisa zima kabla ibada haijaanza. Wengine siku hizi wanatuma wakiwa likizo milimani, wakiteleza na zile mbao ndefu za miguuni. Sisi ambao baridi yetu ni ile ya Mlima Elgon asubuhi ya Julai tunatazama na kusema, Mungu ametenda. Na ni kweli ametenda. Sina neno na picha. Shida yangu ni siku picha zinapokoma.

Sikilizeni habari ya jirani yetu. Philip Boit ni mtu wa upande wa Eldoret, hapo tu, unapanda matatu unafika. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa jamaa ya Mike Boit aliyeleta medali ya shaba kutoka Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza mchezo wa skii, kampuni ya Nike ikilipa gharama. Theluji hakuwa ameiona maishani! Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alikuwa kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kabisa kufika huko. Mbio za kilomita 10.

Aliyeshinda ni Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 hivi. Boit alimaliza kwa dakika 47, wa 92, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Dakika 20, wapendwa. Hayo ni mahubiri mazima, kama mhubiri ni mfupi, na mnajua mimi siko hivyo.

Waandaaji walitaka kuvisha watu medali wamalize shughuli. Dæhlie akakataa. Bingwa wa dunia akabaki kwenye baridi, akamngoja mtu wa mwisho, na Boit alipovuka mstari akamkumbatia. Boit naye alipopata mtoto wa kiume, alimwita Dæhlie. Kumbe kuna mtoto wa Rift Valley anayebeba jina la mtu wa Norway kwa sababu tu mtu huyo alingoja!

Sasa fungua Matendo 7:55. Tumezoea kusoma kwamba Yesu ameketi mkono wa kuume wa Baba. Stefano akiwa karibu kupigwa mawe alimwona amesimama. Aliyekwisha kushinda mbio alikuwa wima akimngoja mtu wake. Na Daudi, 1 Samweli 30, aliporudi na nyara, ndiye aliyewaendea wale 200 waliochoka kijitoni, akawasalimu, na akaamua wapate sawa na waliopigana. Kulikuwa na watu waliosema wasipewe kitu. Watu hao bado wapo. Wengine wanaimba kwaya.

Mama mmoja wa ushirika wetu wa Bungoma, pamoja na mwanawe, wameniruhusu niseme hili bila majina. Kijana alisafiri. Tulimfanyia harambee, ng'ombe wa maziwa akauzwa, kuna aliyetoa magunia mawili ya mahindi. Tukamwekea mikono. Amerudi. Kazi aliyoahidiwa haikuwepo; hakuiba, hakulewa. Alishuka kwenye matatu usiku ili asionekane, na tangu siku hiyo hajaingia kanisani, kwa sababu mpendwa mmoja alimsimamisha mama yake sokoni kumuuliza pesa zetu zitarudi lini.

Ndugu yangu, kama ulitoa kwa harambee, ulitoa. Kama ulikopesha, hilo ni deni na Biblia haifuti deni, lakini mwite kijana mketi chini kama ndugu wawili, si kumshika mama yake mbele ya wauza nyanya. Tuna ibada nzuri sana ya kuwaaga wasafiri. Ya kumpokea aliyerudi mikono mitupu hatuna. Nimetafuta kwenye ratiba zetu zote, hakuna. Na bado tunajiuliza kwa nini vijana wengine wanabaki huko kuteseka kuliko kurudi nyumbani!

Jumapili ijayo Meza ya Bwana itakuwa Bungoma. Sisi wa Kitale tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, tupitie Kiminini na Webuye. Wazee wa Bungoma nimewaomba wasianze saa nne kama kawaida. Kijana amesema atajaribu kuja, hakuahidi. Akiingia, asiulizwe habari za ng'ambo, apewe kiti. Akichelewa, tutaimba. Anayeogopa njaa abebe chai kwenye thamosi.