Kalamu Iliyoinuliwa si Haki Iliyoondolewa

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya pwani zimo nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mtoto mmoja huingizwa chumba cha ndani. Hakukosa lolote, ila akili yake haikukua kama za wenziwe. Majirani wengine hulisikia jina lake siku ya mazishi yake.

Wazee wakiulizwa, hujibu: huyu kalamu imeinuliwa juu yake, hana faradhi ya swala wala saumu, basi msikiti na chuo ni vya nini kwake?

Neno hili ni nusu ya kweli. Kalamu imeinuliwa katika yanayompasa yeye, haikuinuliwa katika yanayotupasa sisi kwake. Mtu akisamehewa deni, hakupoteza anachowadai wengine. Sura ya Nisaa, aya ya 5, yakataza wasioweza kusimamia mali wasikabidhiwe. Na papo hapo yaamrisha walishwe, wavishwe, na wasemezwe kwa wema. Mali ina kizuizi; heshima haina.

Tena katika Sahihi Muslim, Anas amepokea habari ya mwanamke aliyekuwa na jambo katika akili yake, akamwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Mtume hakumwagiza kwa walii wake. Alimwita kwa jina la heshima, akamwachia achague njia atakayo, akasimama naye hata haja yake ikaisha. Hayo yalikuwa njiani, si mafichoni.

Huenda mtu akasema: atapiga kelele, atatuondolea khushui. Ni kweli yaweza kuwa. Lakini Mtume alipomsikia mtoto akilia, alifupisha swala. Hakumfukuza mama yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa kila mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kutoitwa kwa majina ya kumdunisha, na kupata elimu. Je, tungoje sheria itulazimishe tuliyokwisha kufundishwa na Mtume wetu?

Basi mzazi na amtoe mwanawe sebuleni. Mwalimu wa chuo na ampokee, hata akihifadhi Alhamdu peke yake kwa mwaka mzima. Khatibu na aseme juu ya mimbari. Nasi tuache kuwaita watu mapunguani. Tuwasemee wasioweza kusema, na wawezao tuwasikilize wenyewe.

Siku ya hisabu wao hawataulizwa. Tutakaoulizwa ni sisi.